Mrija wa Bwana Shamba

Nikimkumbuka, huwa namwona amesimama mbele ya dirisha la duka langu asubuhi ya ukungu, koti lake la kijivu limefungwa vifungo mpaka shingoni, akisubiri soda ishuke. Hakuwa mtu wa kupiga mafunda. Alikuwa akichukua kidogo, anainua kidevu, anafumba macho, na mimi ndani ya duka naendelea kumpimia mtu mwingine sukari, kwa kuwa nilijua kabla hajayafumbua macho hakuna mazungumzo. Bega lake la kushoto ndilo lililonipa habari: lilipanda soda ilipoondoka mdomoni, likatulia ilipofika. Hapo ndipo alipouliza, "Mama Zuhura, mvua hii unaionaje?" Hata kiangazi aliuliza hivyo hivyo.

Bombambili nzima, mtaa wetu hapa Songea, tulimwita Bwana Shamba. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini sikumbuki kulisikia likitajwa ila siku chache za shughuli rasmi. Kwao ni wapi na baba yake alikuwa nani, hayo siyagusi. Alikuja Songea kikazi, kama walivyokuja walimu na maaskari, na kama nilivyokuja mimi na marehemu mume wangu kutoka Tunduru kutafuta riziki. Akakaa mpaka akawa anasema mboga "likolo" kama wenyeji, na mtu wa namna hiyo mimi namhesabu wa hapa.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu mahindi. Aliifanya mpaka serikali ilipoanza kupunguza watumishi, naye akapunguzwa, lakini hiyo habari ya kupunguzwa nadhani haikumfikia vizuri. Aliendelea kupita mashambani kwa watu akiwaambia wapalilie. Akija kwako kuhani msiba, atakupa pole, atakaa, kisha utamwona ameinama nyuma ya nyumba anachomeka kidole ardhini na kukinusa. Mbolea ilipopanda na malori ya watu binafsi yalipoanza kuingia vijijini kununua mahindi, redio ikatangaza hili na lile kila siku, yeye alikuwa na jibu moja: "Shamba halisikilizi redio." Wengine waliona hekima. Mimi niliona ubishi, na nilimpenda kwa ubishi huo.

Wala msidhani alikuwa mtu aliyenyooka. Alifundisha mistari na kamba, lakini bustani yake mwenyewe ilikwenda upogoupogo mpaka mkewe, Mama Oliva, akasema ameipanda akiwa usingizini. Alihubiri kunywa togwa na kuacha soda, akiziita maji ya sukari ya kudanganyia watoto. Kisha miaka ile maduka yalipojaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, na soda zikawa zinapatikana kila kona, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza dirishani kwangu kila asubuhi. Watu walicheka. Wakasema Bwana Shamba naye kumbe alikuwa anasubiri ruhusa tu.

Sasa niseme kilichokuwa kifuani mwake, maana bila hicho sijamchora mtu huyu hata nusu.

Alipokuwa kazini, somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la dawa za shamba. Alikwenda nalo Namtumbo, akaenda nalo Maposeni, akaenda nalo kila mahali palipokuwa na kivuli cha kukusanya wakulima. Alikuwa anainua chupa tupu ya soda mbele ya watu na kusema chupa hii ni ya kunywea, ukiweka humo dawa au tindikali umeweka msiba ndani ya nyumba yako. Akawarudisha watu majumbani kutoa chupa walizozificha. Basi alipopunguzwa kazi alibaki na pikipiki kuukuu, na maji ya betri ya pikipiki hiyo aliyamimina kwa mkono wake mwenyewe ndani ya chupa ya soda, akaiweka kwenye rafu jikoni. Alisema angeyahamisha akipata chombo. Alasiri moja akarudi kutoka shambani na kiu, na mambo mengi kichwani, akaiinua chupa ile bila kufikiri. Funda la kwanza lilipita. La pili alilitema.

Hakufa. Lakini kidonda kilipopona kililivuta koo likajibana, huko chini karibu na tumbo, hata maji yakawa yanapita kwa taabu. Hospitali ya misheni walimpanua, ikajifunga. Wakampanua tena. Mwisho daktari akamlaza usingizi akamwekea mrija: kitu laini cha plastiki, juu kimepanuka kama faneli, kikakaa pale pale palipobana, na chakula chote cha maisha yake kikawa kinapita humo. Akaambiwa nyama ngumu basi, tonge la ugali basi, dagaa na miiba yao basi. Ale uji, supu, vitu vya kusagika. Na kila akila anywe soda, kwa kuwa gesi yake inausafisha mrija usizibe.

Mrija haukai milele. Huchakaa, huziba, huteleza. Ikawa kila baada ya muda anarudi, wanautoa na kuweka mwingine. Yeye aliita kwenda sevisi. "Kesho sipo, Mama Zuhura, nakwenda sevisi," na mteja aliyesimama kando alidhani anasema pikipiki. Mirija ya zamani aliiomba kwa daktari. Aliichemsha, akaichomeka kwenye miche yake ya parachichi, akawa anaimwagilia maji kidogo kidogo kupitia hiyo faneli. Mkewe hakuweza kuitazama ile miche. Mimi niliweza, na nakiri ilistawi.

Katika mtaa tulioijua siri hiyo tulikuwa watatu: mkewe, binti yake Oliva, na mimi niliyemuuzia soda.

Aliporudi kutoka sevisi alikuwa na ndoto. Ile dawa ya usingizi ilimwotesha chakula. Alikuja kunisimulia mimi kwa sababu akimsimulia Mama Oliva analia. Alisimama dirishani, sauti bado ina mikwaruzo, akaniambia jinsi alivyokuwa anatembea kwa miguu kuelekea Hanga, barabara haina mtu, na kwenye kila mlango amesimama mwanamke amenyoosha mkono ana hindi la kuchoma. Anakula la huyu, anakwenda kwa yule. Hashibi, wala hapaliwi. Kule mbele mabruda wa monasteri wanapuliza mkate wa moto upoe, wanamngoja yeye. Mara nyingine aliota yumo ndani ya kihenge, mahindi yamemfika kifuani, na anayatafuna mabichi. Nilimsikiliza mpaka wateja wakaondoka. Siku nyingine niliamka nikajikuta nami nimeiota barabara ile ile, na sikujua hindi lililokuwa mkononi mwangu ni la kumpa nani.

Ndoto hizo zilinifundisha kitu. Hakuwa na uchu wa mahindi. Njaa yake ilikuwa ya ile milango. Alichokitaka mtu huyu ni kukaa kwenye sinia na wenzake, mkono wake katikati ya mikono mingine, aambiwe "sogea, karibu", basi. Na hicho ndicho alichokuwa anakikosa.

Maana huku kwetu mtu akikaa mbele ya chakula chako asikile, amekuambia neno bila kufungua mdomo. Amesema una mkono mbaya, unalisha watu vitu. Bwana Shamba mwanzoni alijaribu. Katika msiba wa jirani alinawa, akakaa na wazee, akamega tonge, akalizungusha vidoleni mpaka likapoa, akalirudisha. Wapishi walimwona. Habari ikazunguka mtaa: Bwana Shamba anaogopa kulishwa. Aliyekuwa mpole akasema ni majivuno, siku hizi anakunywa soda za chupa, ugali wetu haumfai. Baadaye akawa anakuja mazikoni, anatupa udongo wake, anaondoka kabla ya masufuria kuepuliwa. Nilikuwa namtazama akishuka njia peke yake na koti lile, na roho ilikuwa inaniuma.

Nilimwambia awaambie watu. Nani angemlaumu mgonjwa? Akazungusha chupa yake tupu juu ya mbao ya dirisha.

"Niwaambie nini, Mama Zuhura? Niliwapekua majumbani mwao. Nikawaaibisha mbele ya wake zao. Leo niwaambie na mimi yangu ilikuwa jikoni?"

Afadhali kwake aonekane mtu wa kuogopa wachawi kuliko aonekane mwalimu aliyelisahau somo lake. Kiburi hicho kilikuwa chake, na kilikuwa kinamla.

Ndipo Oliva akaposwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti mtulivu, na kijana aliyempata alitoka ukoo wa wakulima wa Maposeni. Mambo ya mwanzo yalikwenda vizuri. Likabaki jambo moja. Katika ukoo ule, baba wa binti hupokelewa kwao kwa kuku, na firigisi huwekwa kwenye kisahani cha peke yake mbele yake. Mpaka ailie hapo, mbele ya watu, hakuna mkono unaoingia kwenye chakula. Akiila, undugu umefungwa. Na habari za Bwana Shamba zilikuwa zimefika Maposeni kabla yake. Baba mkubwa wa kijana, mzee mwenye sauti nzito aliyekuwa msemaji wa ukoo, alisema waziwazi kwamba mtu asiyekula kwa watu, binti yake hawezi kuja kupika kwao.

Bahati mbaya ilikuwa hii: Bwana Shamba alikuwa ametoka sevisi muda si mrefu, na safari hiyo daktari hakucheka naye. Alimwambia nyama za koo zimekuwa kovu tupu na zimekonda, kuutoa mrija wa zamani kumekuwa kazi, kuuweka mpya kazi zaidi. Autunze huu. Ukiziba ikabidi uvutwe, hawezi kumwahidi kwamba mwingine utaingia.

Oliva alikuja dukani akalia mbele yangu. Alisema ataivunja posa mwenyewe, bora akose mume kuliko kumwona baba yake anakabwa kwa ajili yake. Baba yake alipopata habari naye alikuja, akanunua soda yake, akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema tutakwenda Maposeni, na mimi niwasindikize kama jirani.

Ilikuwa majira ya baridi. Tulipanda pikapu ya kukodi, na ukungu ulikuwa haujaondoka mashambani. Mabua ya mahindi yaliyovunwa yalisimama humo kama watu waliosahau kwenda nyumbani. Mama Oliva alishika khanga yake mdomoni njia nzima. Bwana Shamba alitazama mashamba ya watu, na mara mbili tatu nilimwona anafungua mdomo kusema kitu kuhusu palizi, anaacha.

Tulipokelewa vizuri, kwa shikamoo na mikeka na maji ya moto ya kunawa. Tukakaa. Chakula kikaja, na kile kisahani kikaja nyuma yake, kikashushwa taratibu. Firigisi moja, imekaangwa, imekauka. Baba mkubwa akakunja mikono. Oliva alikuwa mlango wa jikoni, naona upande mmoja tu wa uso wake.

Bwana Shamba aliichukua akaitia mdomoni.

Alianza kutafuna, na sijui nieleze vipi ule muda. Moshi wa jikoni ulikuwa unapita polepole juu ya vichwa vyetu. Jogoo mmoja alikuja mpaka kwenye mkeka, akatutazama, akaondoka. Yeye anatafuna. Nilianza kujiona niko mbali, naangalia kundi la watu waliokaa kimya katika nchi nisiyoijua, na katikati yao mtu mmoja taya zake zinakwenda. Niliona bega lake la kushoto likianza kupanda, nikasema moyoni Yarabi, anameza.

Hakumeza. Bega lilishuka. Alitoa leso mfukoni, akageuka pembeni kwa adabu, akaitoa firigisi mdomoni akaifunga ndani ya leso. Baba mkubwa alikuwa ameshasimama.

"Kaa, mkwe wangu," Bwana Shamba akasema. "Nimeshindwa kula, lakini kusema naweza. Nisikilizeni, halafu mtufukuze."

Akawaambia. Hakupunguza neno. Alianza na chupa aliyoiinua palepale Maposeni miaka ya nyuma, akaja kwenye rafu ya jikoni kwake, kwenye maji ya betri, kwenye mrija, na kwamba huu uliopo ukiziba huenda ukawa wa mwisho. Alisema katika misiba ya watu alikuwa anashika tonge na kulirudisha, na waliompikia wote mikono yao ilikuwa safi, yeye ndiye aliyekosa mahali pa kupitishia. Alifungua vifungo vya koti akaonyesha kwa kidole kifuani, ulipo. Alipomaliza alitazama chini, mtu mzima yule, kama anayengoja fimbo.

Baba mkubwa alibaki amesimama bila kujua aende upande gani. Aliyesogea ni bibi wa kijana, mwanamke mfupi wa kichwa kilichojaa mvi.

"Lete kinu," akaagiza jikoni. "Kuku wa pili bado yuko chunguni, na firigisi yake imo."

Wakaleta kinu kidogo cha karanga. Akakiweka katikati ya mikono yake, mbele yetu sisi wageni, akatia firigisi iliyochemka, akatwanga, akamimina mchuzi, akatwanga tena. Hakuna aliyegusa chakula. Ugali ulipoa, ukawa na ngozi juu, na mchi ukaendelea. Ilipokuwa laini kama uji wa mtoto mchanga akaikung'utia bakulini, akampa na kijiko.

"Kula, baba. Kwani nani alikwambia lazima iwe nzima?"

Akala. Kijiko kwa kijiko, akingoja kila kimoja kifike, na ukoo mzima ukingoja naye. Nilikuwa nimebeba soda kwenye kikapu, nikaifungua nikampa, na safari hii hakuna aliyesema ni majivuno. Bakuli lilipobaki jeupe baba mkubwa alikaa, akanawa upya, akamega tonge lililokwishapoa, akalila. Mama Oliva ndiye aliyelia kwa sauti. Mimi nililia kwa ndani.

Mtaani habari ilifika kabla yetu. Siku ile nilitegemea kicheko, na kilikuwepo kidogo, watu ni watu. Lakini msiba uliofuata niliona mpishi mmoja, wa wale aliowarudishia tonge, anakwenda kando na kinu chake. Ikawa desturi ya mtaa. Palipopikwa chakula cha watu pakatengwa bakuli la Bwana Shamba, limetwangwa, limechujwa. Akawa anakaa kwenye mkeka mpaka mwisho. Alikula kwetu Waislamu siku za Idi, akala kwa Wakatoliki Krismasi, akala kwa Wangoni, Wamatengo, na sisi Wayao. Alinenepa mashavu. Akawa hata msumbufu, anamwambia mwanamke aliyetwanga mpaka mkono ukamuuma kwamba hapa mama ungeongeza ndimu. Oliva aliolewa, akazaa, na babu yake mtoto na mtoto mwenyewe wakawa wanalishwa uji mmoja. Ukiniuliza miaka yake mizuri ni ipi, nitakwambia ni hiyo, ya mrija wa mwisho.

Aliutunza kuliko kitu chochote. Lakini plastiki ni plastiki. Ulikuja kuchanika, ukateleza, na ilibidi utolewe. Daktari aliutoa. Wa kuweka haukuingia. Alijaribu mwembamba zaidi, haukuingia. Mwisho akamtoboa tumbo upande wa kushoto, akaweka bomba la kumiminia uji moja kwa moja, na njia ya juu ikaachwa.

Nilikwenda kumwona hospitali. Nilikuwa nimempikia Mama Oliva, aliyekuwa anashinda na mgonjwa bila kula vizuri, nikaweka chakula kwenye hotipoti. Nilipofika mlangoni mwa wodi nikaona aibu. Niingie na chakula kwa mtu kama huyu? Nikaifunika hotipoti kwa khanga nikaisukuma chini ya kiti. Yeye alikuwa ameinuliwa kwa mito, amekonda, macho makubwa. Nilimwambia mambo ya mtaa. Alinisikiliza, lakini pua yake ilikuwa inafanya kazi nyingine.

"Hicho ulichoficha nini?"

Nikasema ni wali na maharage ya nazi, vya Mama Oliva, atakula nje kwenye benchi.

"Kwa nini nje?"

Mama Oliva akaangalia sakafu.

"Nimekaa peke yangu miaka mingi mimi," akasema. "Kuleni hapa. Nikae na nyie."

Tukanawa kwa maji ya birika. Nilifungua hotipoti, mvuke ukapanda, nikaiweka kitandani ubavuni mwake. Akaingiza mkono wake, akashika ukingo wa hotipoti, akautuliza hapo. Mama Oliva akala. Nami nikachukua kidogo, nikakitafuna, kikawa hakiendi. Alikuwa ananitazama, macho yake kwenye koo langu, ananingoja.

Nikameza. Na koromeo lake likapanda, likashuka, pamoja na langu.